Zaidi na Pungufu: Je, Yatosha Mtoto Kujua Alama Asijue Maana?

Mzazi ampelekapo mtoto wake shuleni humkabidhi mwalimu amana kubwa, naye hana njia ya kuihakiki kila siku. Yeye huona daftari tu. Akiona alama nyingi za vema kwa wino mwekundu hufurahi, akidhani ya kuwa mtoto ameelewa. Lakini sisi walimu twajua ya kuwa vema ni za namna mbili. Iko vema ya mtoto aliyeelewa, na iko vema ya mtoto aliyekariri. Kasuku naye husema "Karibu" vizuri sana, wala hajui kama aliyeingia ni mgeni au mwizi.

Basi swali letu la mwezi huu ni hili: mwalimu aliyemfikisha mtoto kwenye jibu sahihi asilolielewa, je, ametimiza amana yake? Wako wasemao ametimiza, maana jibu ni sahihi. Sisi twaona hajatimiza, nasi twapenda kuonyesha sababu kwa fundisho moja tu la hesabu, lile la zaidi na pungufu, yaani la mafungu yasiyolingana. Twalichagua kwa kuwa lafundishwa kwa kukariri kupita mengi mengine, na hali ndilo tunalolitumia nyumbani, shambani na sokoni kila siku.

Alama zenyewe si za kale sana. Ile ya kulingana, =, ilitolewa na Robert Recorde, mtu wa Wales, katika kitabu chake cha mwaka 1557. Zile mbili za kutolingana, > na <, zilichapwa katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot mwaka 1631, miaka 10 baada ya kufa kwake. Mwaka 1734 Mfaransa Pierre Bouguer akatumia alama zenye maana ya "kubwa kuliko au sawa na", na "ndogo kuliko au sawa na", ambazo leo twaziandika ≥ na ≤. Lakini jambo lenyewe lilikuwako zamani kabla ya alama. Bibi zetu waliopima nafaka walijua ya kuwa pishi ni zaidi ya kisaga, na kisaga ni zaidi ya kibaba, wala hawakuhitaji wino. Alama ilikuja kuandika kile ambacho watu walikwisha kukijua. Ndiyo maana si vyema kumpa mtoto alama kwanza, kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu.

Tazameni sasa jinsi fundisho hili linavyotolewa mahali pengi. Mtoto mdogo huambiwa ya kuwa alama hii ni mdomo wa mamba, na mamba hupenda kula kilicho kikubwa. Hila hii yafaa kwa siku chache, naye mtoto aandika 7 > 3 bila kukosa. Baadaye aingia sekondari, akutana na herufi n mahali pa namba, na tena kwa Kiingereza. Hapo mamba hana la kumwambia. Kiingereza nacho chaongeza mtego: maneno yao ya kusema "isiyopungua" yana ndani yake neno lenye maana ya "kidogo kabisa", nayo huandikwa kwa alama ya kubwa. Mtoto aliyezoea kufuata neno na si maana huandika kinyume, na hali angaliulizwa kwa Kiswahili au Kifipa asingalikosa. Mwisho apewa kanuni hii: ukizidisha au ukigawanya kwa namba hasi, geuza alama. Akiuliza kwa nini, aambiwa ndivyo kanuni ilivyo. Huko ni kumfundisha mtoto kutii pale ilipompasa kufikiri.

Natutazame kihenge cha nyumba moja hapa Ufipa. Tuseme mwezi wa Julai, mavuno yakiisha kuingia, nyumba hiyo ina madebe 30 ya mahindi. Kila mwezi watu wa nyumba hula madebe 3. Baba na mama wamepatana ya kuwa kihengeni yasipungue madebe 6, akiba ya ugonjwa, ya mgeni, na ya kuwalisha watakaokuja kusaidia palizi. Je, waweza kula miezi mingapi bila kuvunja mapatano? Kwa alama twaandika 30 − 3n ≥ 6. Tukiondoa 30 pande zote mbili twapata −3n ≥ −24. Sasa twagawanya kwa −3, nasi twafika penye njia panda. Aliyegeuza alama apata n ≤ 8, yaani miezi isiyozidi 8. Aliyesahau kugeuza apata n ≥ 8, yaani miezi 8 au zaidi.

Katika daftari tofauti ya majibu hayo mawili ni kialama kimoja, na makosa yake ni maksi moja. Kihengeni ni tofauti ya kushiba na kulala na njaa. Miezi 8 ikipita yabaki madebe 6, kama walivyopatana. Mwezi wa 9 yabaki 3, na wa 10 hayabaki kitu, nao ni mwezi wa Aprili, mahindi mapya yangali shambani. Naye yule wa pili, kwa jibu lake, amewaambia wazazi wale miezi 9, 10, hata 20, na mapatano yatakuwa salama! Mtoto aliyeelewa hawezi kuliandika jibu hilo akatulia. Ajua ya kuwa kadiri miezi inavyozidi, ndivyo mahindi yanavyopungua, basi kuweka mengi ni kula miezi michache. Alama yageuka kwa kuwa mambo yenyewe yamegeuka, moja lapanda na jingine lashuka. Kanuni ni kumbukumbu tu ya jambo hilo.

Twaweza kulionyesha tena kwa maji yetu wenyewe. Wale wanaoshuka Kasanga waona Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kikuu chafika mita 1,470. Uso wa ziwa uko karibu mita 773 juu ya bahari. Basi sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari kwa karibu mita 700. Ziwa Nyasa nalo lina kina cha mita zipatazo 706, na sakafu yake iko chini ya bahari kwa karibu mita 230. Ukiulizwa ni sakafu ipi iliyo mbali zaidi chini ya bahari, utasema ya Tanganyika, kwa kuwa 700 > 230. Ukiulizwa ni ipi iliyo juu zaidi, utasema ya Nyasa, kwa kuwa −230 > −700. Maziwa hayakusogea hata kidogo. Tumebadili swali tu, kwanza tukihesabu kwenda chini, kisha tukihesabu kwenda juu, na alama ikageuka pamoja na swali. Deni ni vivyo hivyo. Aliye na shilingi 5,000 ampita mwenye 2,000, bali mwenye deni la 5,000 yu chini ya mwenye deni la 2,000, na kila mtu kijijini ajua hivyo bila kwenda shule.

Jambo la pili ambalo kukariri hakumpi mtoto ni kujua ya kuwa jibu laweza kuwa kundi zima. Tangu darasa la kwanza amezoea ya kuwa swali moja lina jibu moja: 5 na 3 ni 8, basi. Akiona n ≤ 8 huandika "jibu ni 8", apige mstari, aende kucheza. Lakini wenye kihenge hawakuamriwa kula miezi 8. Waweza kula 5, wauze yaliyobaki, au wale 7 wamsaidie jirani. Hesabu imewaonyesha ukingo, na ndani ya ukingo imewaachia uhuru wa kuchagua. Twaona kuna fundisho la maisha hapa, kwa maana mambo mengi ya mwenendo mwema ni ya namna hiyo. Karamu ya arusi haina gharama moja iliyo sahihi, lakini una mpaka ambao ukiupita waingia katika deni. Nao wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Mtoto aliyezoezwa kutafuta jibu moja tu hudhani ya kuwa pasipo amri hapana uwezekano. Mtoto aliyeelewa zaidi na pungufu ajua kuishi ndani ya mipaka pasipo kujiona amefungwa.

Jambo la tatu ni ukingo wenyewe: je, umo au haumo? Natutoe mfano wa gunia. Sheria ya vipimo ya Tanzania yakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Hata hivyo lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba, limewasumbua wakulima miaka mingi, nao Wakala wa Vipimo wameonya juu yake mara kwa mara. Mtu asiyeelewa neno "lisizidi" huichukua sheria hiyo kwa njia tatu za upotovu. Wa kwanza asema kila gunia sharti liwe kilo 100 kamili, naye aona haya kuuza la kilo 80. Wa pili asema 100 imekatazwa, na hali imeruhusiwa. Wa tatu, ambaye ndiye hatari, asema gunia ni gunia, bei moja kwa gunia moja. Huyu ameweka alama ya kulingana mahali isipostahili. Gunia la madebe 6 na gunia la madebe 8 yameitwa jina moja na kulipwa bei moja, na tofauti ya madebe 2 imetoka katika jasho la mkulima ikaenda mfukoni mwa mwingine. Waona basi, wasomaji, ya kuwa udhalimu mwingi huanza pale mtu anapoambiwa "ni sawasawa tu" na vitu havilingani. Aliyefundishwa maana ya alama zile atauliza, "Je, kweli ni sawa? Na tupime." Swali hilo moja lina thamani kuliko kurasa kumi za mazoezi.

Sisi wa Kasesya, tulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, tuna mfano mwingine ambao watu wa bara ya mbali hawana. Fedha mbili hupita mikononi mwetu. Mtoto asiyeelewa akiulizwa ipi ni zaidi, shilingi 500 au kwacha 20, atatazama namba na kusema 500. Lakini namba peke yake haisemi neno mpaka ijulikane ni namba ya nini, na kwa thamani ya miaka hii kwacha 20 zapita shilingi 500 mbali sana. Tena sikieni lililotukia. Siku ya 1 Januari 2013 serikali ya Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake, hata kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Kabla ya siku ile kwacha moja ilikuwa na thamani ndogo kuliko shilingi moja ya Tanzania. Baada yake kwacha moja ilizipita shilingi mia kadhaa. Alama iligeuka kwa usiku mmoja, wala hakuna aliyetajirika wala kufukarika kwa mageuzi yale, maana kipimo ndicho kilichobadilika. Aliyekariri ya kuwa shilingi ni kubwa kuliko kwacha aliamka akiwa mjinga. Aliyeelewa alihesabu upya akaendelea na biashara yake.

Neno hili la kipimo halikosi kutukumbusha yule mjane wa Injili ya Marko, aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina, akahesabiwa kuwa ametoa zaidi ya matajiri wote. Ukipima kwa fedha, sivyo. Ukipima kwa kile alichobakiwa nacho kila mmoja, ndivyo. Mwalimu afundishaye zaidi na pungufu sharti awazoeze watoto kuuliza, "Zaidi kwa kipimo gani?" Asipofanya hivyo, atalea watu wadhanio ya kuwa aliye wa 40 darasani ni mtu pungufu kuliko aliye wa 1, na hali kilichopimwa ni karatasi moja ya siku moja.

Sasa natusikilize upande wa pili, maana si haki kumhukumu mtu asiyesikilizwa. Mwalimu mwenzetu aweza kusema, "Darasa langu lina watoto wengi kupita kiasi, mtihani waja, na kanuni yaleta maksi. Nikikaa kuhadithia vihenge na maziwa sitamaliza mafundisho ya mwaka." Hoja hii ni nzito, nasi twaijua uzito wake. Lakini natutazame matunda. Kwa miaka mingi katika mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania, wanaoshindwa Hisabati wamekuwa wengi kuliko wanaofaulu. Hatusemi sababu ni hii moja tu: kuna upungufu wa walimu na wa vitabu, na lugha ni kikwazo. Lakini hawezi mtu kuitetea njia ya mkato kwa kusema yafikisha upesi, ikiwa wengi waipitao hawafiki.

Mwingine aweza kusema, "Hata watu wazima twatumia simu pasipo kujua ilivyoundwa. Kwa nini mtoto asitumie kanuni pasipo kujua ilikotoka?" Hoja hii ni kali zaidi. Ni kweli ya kuwa hakuna awezaye kuelewa kila kitu atumiacho, na kanuni ni chombo chema kinachopunguza kazi ya akili. Lakini iko tofauti. Simu ikiharibika hunyamaza, nawe wajua imeharibika. Kanuni ikitumiwa vibaya hainyamazi. Hutoa jibu vile vile, kwa sauti ile ile, nalo ni la uongo. Yule aliyeandika miezi 8 au zaidi hakusikia kengele yoyote. Kengele ya hesabu ni maana, wala hapana nyingine. Mtoto aliyepewa chombo pasipo kengele ameachwa peke yake siku ya kosa.

Wala hatusemi kanuni zitupwe. Twasema zije mahali pake, baada ya mtoto kuliona jambo. Nayo kazi yenyewe si ndefu kama idhaniwavyo. Kwanza, mtoto aseme jambo kwa maneno ya kwao kabla ya kuandika alama: lisizidi, lisipungue, angalau, si zaidi ya. Pili, achore mstari wa namba udongoni kwa kijiti, atie alama ukingoni, aonyeshe kwa kidole majibu yote yaliko. Tatu, ashike mizani au afikiri mizani: upande ulio mzito, ukiongeza kilo moja huku na kilo moja huko, bado ni mzito, basi kwa nini alama igeuke? Nne, na hili ndilo kubwa, akiisha kupata jibu ajaribu namba mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Kwa kihenge chetu ajaribu 8, kisha 9. Ya kwanza ikikubali na ya pili ikikataa, jibu lake limesimama. Yahitaji dakika mbili, nayo yampa mtoto kitu ambacho mwalimu hawezi kumpa kwa vema nyekundu, yaani uwezo wa kujua mwenyewe ya kuwa amepata.

Katika jambo hili twamkumbuka Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo. Alitaka kujua mzingo wa duara ni mara ngapi ya upana wake. Hakuweza kuipata namba yenyewe kamili. Hata hivyo hakukisia, wala hakunyamaza. Alithibitisha ya kuwa ni zaidi ya 3 na 10/71, tena ni pungufu ya 3 na 1/7. Alisema lile alilolijua, akaweka mpaka juu na mpaka chini, wala hakuzidisha neno. Twaona huo ni unyofu mkubwa. Shahidi barazani akiulizwa ng'ombe walikuwa wangapi, naye hakuwahesabu, aweza kusema kweli akisema, "Hawakupungua 10, wala hawakuzidi 20." Anayesema "15" ili kupendeza wazee amesema uongo, hata ikitokea kuwa kweli walikuwa 15.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Mtoto aandikaye jibu sahihi asilolielewa amesema "15" ili kupendeza. Hatumlaumu, maana sisi tuliomfundisha ndio tuliompokea kwa furaha. Lakini mwalimu aliyelijua hilo, akatia vema, akapita, amempelekea mzazi habari isiyo kweli. Amana haikutimizwa.

Ninyi wazazi msiokaa na vitabu, msidhani ya kuwa hamna la kufanya. Jioni mwulizeni mtoto maswali ya nyumbani: mahindi haya yatatufikisha mwezi gani tusipozidisha debe 3? Kwa shilingi hizi daftari zisizozidi ngapi? Akisha kujibu, mwulizeni, "Wajuaje?" Akinyamaza, msimpige wala msimcheke, bali mwambieni akamwulize mwalimu wake swali hilo hilo kesho. Nasi walimu natuwe tayari kulijibu.

Mwalimu wa Kasesya, Ufipa.